Mwambie Daktari Yote Kabla ya Kisu

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka taratibu.)

Karibu katika kipindi chetu cha afya. Nazungumza nawe uliye Nyarugusu, uliye Nakivale, uliye Kakuma, na kila kambi ambako sauti hii inafika. Nakusalimu pia wewe unayesoma maandishi haya na wenzako wa kikundi cha wasikilizaji. Anayewasomea wengine asome polepole, maana wazee wapo.

Mimi si daktari. Nimesoma sekondari hapa hapa kambini, na kazi yangu ni kuuliza na kusimulia. Mambo ya kitabibu utakayosikia leo nimeyapitia na tabibu wa zahanati kabla ya kuja kwenye maikrofoni. Lakini habari yenyewe ni ya nyumbani kwetu. Mwenye habari ameniruhusu niiseme, ila jina lake nisilitaje.

Ni mama yangu mdogo, anayemfuata mama kwa kuzaliwa. Tulikimbia naye kutoka Fizi, tukavuka naye ziwa, tukaishi naye Nyarugusu nyumba moja. Baadaye jina lake likatoka, akapelekwa Marekani na watoto wake. Huko anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Kila mwisho wa mwezi anatukumbuka.

Jioni moja alipiga simu. Mama akaiweka simu juu ya ndoo iliyofunikwa ili sote tusikie. Salamu zilikuwa fupi, tukajua kuna jambo. Akasema, "Yaya, daktari wa huku ananiambia naweza kupasuliwa ili nipungue mwili."

Mama akauliza, "Una uvimbe?"

"Hapana. Ni mfuko wa chakula. Wanaukata, unabaki mdogo."

Mama akanyamaza. Mama mdogo akaendelea kueleza kwamba uzito wake umefika paundi 231. Mama akauliza, "Paundi 231? Hizo ndizo pesa za upasuaji?" Tukacheka. Jioni ile hatukucheka tena.

Nikaenda kupiga hesabu pembeni. Paundi 231 ni karibu kilo 105. Urefu wa mama mdogo ni mita 1 na sentimita 60.

Msikilizaji, unajua sisi tunavyouona mwili. Hapa mtu akinenepa tunamwambia, "Umependeza, amani imekuingia." Mtu akikonda tunauliza nani amekufa. Mama mdogo alipotuma picha ya kwanza kutoka Marekani, mashavu yamejaa, mama aliizungusha picha ile kijiji kizima. Sasa daktari anataka kuikata ile amani?

Na nikuambie ukweli wote, kwa kuwa leo tunazungumza juu ya ukweli. Kilichotutisha sisi wa kambini si kisu peke yake. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Mtu akipasuliwa hatabeba maboksi ya nyama. Asipobeba maboksi hatapata mshahara kamili. Mama alisema, "Usikubali, watakuua." Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, na nilijua kwamba ndani ya neno lile kulikuwa pia na unga, sabuni, na ada ya mdogo wangu.

(Muziki mfupi.)

Kabla sijaendelea, tuelewe upasuaji huu ni kitu gani.

Madaktari hupima unene kwa hesabu moja. Wanachukua kilo zako, wanazigawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mama mdogo, 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Kilo 105 ukizigawanya kwa 2.56 unapata 41. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida huwa kati ya 18.5 na 24.9. Kuanzia 30 ndipo wanapoanza kuuita unene ugonjwa.

Tangu mwaka 1991 mwongozo uliotumika Marekani ulisema upasuaji huu ni kwa mtu wa 40 na kuendelea, au wa 35 mwenye ugonjwa mwingine mkubwa, kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wapasuaji wa kazi hiyo vilishusha kiwango. Sasa wanasema mtu wa 35 anaweza kufikiriwa hata kama hana ugonjwa mwingine, na mwenye kisukari anaweza kufikiriwa kuanzia 30. Mama mdogo alikuwa na 41, kisukari, na magoti yanayouma. Kwa hiyo daktari hakumtania.

Njia zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza, wanaondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, unabaki mwembamba kama ndizi. Ya pili, wanatengeneza kijifuko kidogo sana juu ya mfuko, kama yai la kuku, kisha wanakiunganisha na utumbo wa mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya njia yake. Mara nyingi hawapasui tumbo lote. Wanatoboa matundu madogo na kuingiza kamera. Hatari zipo: kutokwa na damu, kuvuja mahali palipounganishwa, na damu kuganda miguuni na kukimbilia kwenye mapafu. Ndiyo maana mtu haingizwi chumba cha upasuaji vivi hivi. Anaandaliwa kwanza, na maandalizi yale huchukua miezi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo habari yetu ilipo. Katika maandalizi yale mpasuaji si mtu peke yake. Mtu unayeonana naye zaidi ni daktari wako wa siku zote. Marekani wanamwita daktari wa familia. Ndiye anayejua presha yako ya mwaka jana, dawa unazokunywa, na mimba ulizobeba. Ndiye anayeandika barua kwa bima ya afya kueleza kwa nini upasuaji unahitajika. Ndiye anayekuandaa, na wenzake wakishakupasua, ndiye utakayebaki naye miaka yote. Mpasuaji anakujua siku chache tu. Daktari wa familia anakujua kwa kadiri unavyomwambia.

Na mama mdogo alikuwa hamwambii.

(Muziki mfupi.)

Si kwamba ni mwongo. Kiingereza chake ni cha kiwandani: "fanya haraka," "weka hapa," "kesho njoo mapema." Kwa hiyo kila akienda kwa daktari alikwenda na kijana wake wa miaka 15 amtafsirie. Daktari anauliza, kijana anageuza, mama anajibu, kijana anarudisha.

Daktari aliuliza, "Hedhi yako ikoje?" Kijana akaona aibu. Mama akajibu haraka, "Mwambie ni nzuri." Haikuwa nzuri. Ilikuwa inamaliza siku tisa na damu nyingi.

Daktari aliuliza, "Unatumia dawa nyingine yoyote?" Akajibu, "Hapana." Lakini alikuwa na chupa ya dawa ya mizizi ya kusafisha sukari, na chupa ile tulimtumia sisi. Mama ndiye aliyeichemsha. Tulimpa mtu aliyekuwa anasafiri. Na kwa ajili ya magoti alikuwa ananunua vidonge vya maumivu dukani, ibuprofeni, anameza vitatu asubuhi na vitatu usiku ili aweze kusimama kiwandani.

Daktari aliuliza, "Unakula wakati gani?" Akajibu, "Asubuhi, mchana, jioni." Hakusema kwamba anaamka saa nane usiku akala akiwa amesimama jikoni gizani. Hakusema kwamba chini ya kitanda chake kuna mkate na mfuko wa unga, na kwamba bila kuugusa mfuko ule hawezi kulala. Angeyasemaje mbele ya mtoto? Mtoto yule alizaliwa kambini. Hajui siku zile za msituni kabla hatujalifikia ziwa, tulipokula majani, na nani tulimwacha njiani.

Aliyeufungua mlango ni kijana mwenyewe. Siku moja, wakiwa ndani ya basi wakirudi, akamwambia mama yake, "Mama, sitaki kutafsiri tena. Daktari ameuliza kama una huzuni rohoni. Sikujua hilo neno niliseme vipi, nikamwambia hapana."

Mama mdogo alikaa na maneno yale wiki nzima. Kisha akatupigia, akamwambia mama, "Yaya, mtoto amenijibia roho yangu."

Ndipo akamwuliza mwanamke wa kwetu aliyetangulia kufika mji ule. Yule akamwambia jambo ambalo hakuwa amelijua: hospitali na kliniki za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani, na mgonjwa halipi kitu. Unatamka neno moja tu, jina la lugha yako. Mama mdogo alikwenda dirishani akasema, "Swahili." Wakampigia mkalimani kwa simu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, na kwa namna alivyosalimia, mama mdogo akajua ni mtu wa ng'ambo ile ile ya ziwa.

Siku hiyo kijana alibaki nje kwenye viti. Na mama mdogo akasema yote.

(Muziki mfupi.)

Msikilizaji, najua unachofikiri. Unafikiri daktari alikasirika, akafunga faili, akasema huyu hafai kupasuliwa. Sisi wakimbizi tumezoea hivyo. Tumejifunza kwamba neno moja likikosewa kwenye mahojiano, safari inakufa. Kwa hiyo kila meza yenye karatasi tunaiona ni ya mahojiano, na kila anayeandika tunamficha.

Lakini meza ya daktari ni meza nyingine. Tazama kila neno alilosema mama mdogo lilifanya kazi gani.

Aliposema habari ya hedhi, daktari alipima damu. Ilikuwa 9, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa kuwa na 12 au zaidi. Angeingizwa kupasuliwa na damu ile, kisha akatokwa na nyingine mezani, ingekuwaje? Akapewa madini ya chuma, akapelekwa kwa daktari wa wanawake. Wakazungumza pia juu ya uzazi, kwa sababu baada ya upasuaji huu mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na mwili ukipungua mimba hushika kwa urahisi zaidi kuliko mwanzo. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo huenda visifanye kazi vizuri baada ya ile njia ya pili ya upasuaji, kwa hiyo njia nyingine huchaguliwa mapema.

Aliposema habari ya ibuprofeni, daktari alimwachisha na kumpa dawa nyingine ya maumivu. Vidonge vya jamii ile, pamoja na diklofenaki tunayoipenda hapa kambini, vinaweza kuchubua mfuko wa chakula na kutoa vidonda, na mfuko ukishakatwa hatari inaongezeka.

Aliposema habari ya mizizi, hakumcheka. Alimweleza kwamba baadhi ya dawa za miti hufanya damu isigande upesi, baadhi hushusha sukari juu ya ile inayoshushwa na vidonge, na baadhi hugombana na dawa ya usingizi. Akamwomba aiache. Mama yangu aliposikia hivyo aliinamisha kichwa. Alikuwa ameichemsha kwa upendo.

Aliposema kwamba anakoroma na kuamka amechoka, alipewa kifaa cha kulala nacho. Kikaonyesha kwamba usiku pumzi inakatika mara nyingi. Akapewa mashine ndogo inayosukuma hewa puani. Watoto wakasema mama yao anafanana na rubani. Lakini kwa daktari wa usingizi hilo ni jambo zito sana kulijua kabla hajamlaza mtu.

Na aliposema habari ya mkate chini ya kitanda, daktari aliweka kalamu mezani. Akampeleka kwa mshauri wa mambo ya moyo na akili, akaonana naye mara nyingi, kila mara na mkalimani. Kwa sababu mtu aliyeijua njaa, ukimpunguzia mfuko wa chakula bila kuizungumza njaa ile, umeukata mfuko lakini hofu umeiacha nzima. Hofu ile ile itamfanya ale mpaka atapike, au itamrudisha alikotoka.

Upasuaji ukasogezwa mbele miezi kadhaa. Si adhabu. Walitaka damu ipande. Walitaka kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu kishuke, maana kilikuwa 9 na wapasuaji walitaka kiwe chini ya 8. Angekuwa mvutaji wa sigara wangemwachisha pia, kwa sababu moshi huchelewesha kidonda kupona na huongeza hatari ya vidonda ndani ya mfuko. Wiki mbili za mwisho alikula chakula chepesi cha maji maji, bila ugali na bila sukari, ili ini linywee. Ini limelala juu ya mfuko wa chakula. Likiwa limejaa mafuta, mpasuaji hapati nafasi ya kufanya kazi.

Na habari ya mwisho wa mwezi? Hiyo nayo aliisema kwa daktari. Alisema, "Nina watu kambini." Daktari akamwandikia barua ya kiwandani ili apumzishwe na asirudishwe kwenye mizigo mizito kabla ya wiki sita. Mama mdogo akatupigia mapema, akatuambia kwamba miezi miwili atatuma nusu. Tukajua. Mama akauza vitenge viwili, mimi nikaongeza kidogo, tukavuka. Kujua mapema si sawa na kushtukizwa.

(Muziki mfupi.)

Siku ya upasuaji tulichaji simu tangu asubuhi kwa jirani mwenye sola. Huko kulikuwa bado usiku. Mama hakula. Nikamwambia, "Mama, aliyeambiwa asile ni yeye, si wewe." Akaniangalia tu.

Simu ililia usiku wetu. Alikuwa kijana. Akasema, "Mama ameamka." Kisha tukamsikia mwenyewe, sauti ndogo kama ya mtoto: "Yaya, wananipa maji kwa kijiko."

Sasa amepungua kilo nyingi, lakini usidhani amemaliza. Anakula kidogo kidogo, anaanza na samaki, yai au maharage, ugali unafuata nyuma. Atameza vitamini na madini maisha yake yote, kwa maana mfuko uliokatwa haumpi mwili kila kitu kama zamani, na damu yake itapimwa kila mwaka. Dawa za kisukari zilipunguzwa upesi na daktari wake, kwa sababu angeendelea na kipimo cha zamani sukari ingeshuka mpaka azimie. Ameambiwa pia kwamba akitapika mfululizo asingoje kesho, aende hospitali, maana upungufu wa vitamini moja, ile ya B1, unaweza kuharibu mishipa ya fahamu.

Kwenye misiba na harusi za watu wetu huko bado anapata shida. Mwenyeji anampakulia sahani imejaa, naye hawezi. Anasema, "Nimepasuliwa, dada, nisamehe, nifungie nitabeba." Wengine wananuna. Ameshazoea.

Mkate chini ya kitanda bado upo. Ila siku hizi, anasema, anaulaza pale na kulala.

(Muziki mfupi.)

Utaniuliza, "Dada mtangazaji, hayo ni ya Marekani. Mimi niko hapa, chakula chenyewe ni cha mgao, nani atanipasua ninenepuke?" Una haki. Sisemi ufikirie upasuaji huo, wala hata huko si kila mnene unamfaa. Lakini hapa kambini watu wanapasuliwa kila wakati. Ngiri. Tezi la shingo. Uvimbe wa kizazi. Kujifungua. Na nyumbani kwetu habari haikuishia Marekani.

Mama yangu ana ngiri ya kitovu. Alipewa rufaa, akapimwa, presha ikakutwa juu, akarudishwa ashushe kwanza. Mara ya pili vivyo hivyo. Tabibu wa zahanati akamwongezea kidonge. Presha haikushuka. Sisi tukasema, "Basi wamemchoka, wamemwacha."

Wiki moja baada ya ile simu ya maji ya kijiko, mama aliamka mapema, akavaa, akaniambia nimsindikize zahanati. Ndani ya mfuko wa plastiki alikuwa na vidonge vya presha, vingi, ambavyo havikutakiwa kuwapo. Alikuwa anakunywa siku moja, anaruka siku moja. Alikuwa anaweka akiba. Aliogopa kwamba iko siku dawa zitakosekana, kama unga unavyokosekana.

Mdogo wake alificha mkate. Yeye alificha vidonge.

Akaviweka mezani mbele ya tabibu. Akasema, "Baba, nilikudanganya." Tabibu yule ni kijana, anaweza kuwa mwanawe. Akavihesabu, akasema, "Mama, hujanidanganya vibaya. Lakini mimi nilikuwa naongeza dawa kwa presha ambayo sikuijua." Wakapanga upya. Akamweleza kwamba dawa ya presha inayorukwa ni kama paa lenye tundu: siku ya mvua huliambii lingoje. Mama anakunywa kila siku sasa. Bado anasubiri tarehe, na presha imeanza kuteremka.

Kwa hiyo, msikilizaji, kama wewe au mtu wako mmeambiwa habari ya upasuaji, uwe wa Marekani au wa hospitali ya rufaa ya hapa, chukua haya.

Kwanza, tia dawa zako zote kwenye mfuko mmoja uende nazo: za zahanati, za duka, za mganga, za kuazima kwa jirani. Usizitaje kwa kumbukumbu, zionyeshe.

Pili, usimtumie mtoto wako kuwa mkalimani wa mwili wako. Omba mtu mzima usiyemwogopa. Kama ni jambo la wanawake na aliyepo ni mwanamume, una haki ya kuomba mwanamke. Asipokuwepo leo, uliza atakuwepo lini.

Tatu, sema mambo matano hata kama hujaulizwa: kama una mimba au huna hakika, kama unavuta au unakunywa pombe, kama uliwahi kupata shida na dawa ya usingizi au ganzi, kama unatokwa na damu kwa urahisi, na kama kuna dawa unayoiruka.

Nne, ukiambiwa usile kabla ya upasuaji, usile, na uliza saa kamili ya kuacha chakula na saa ya kuacha maji. Wapo wanaokula kwa siri wakiogopa kuishiwa nguvu. Mtu akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi chakula kinaweza kurudi juu na kuingia mapafuni. Watu hufa kwa hilo. Kama una kisukari, uliza pia asubuhi hiyo umeze dawa zipi na uache zipi.

Tano, ukiambiwa "bado," usiondoke kabla hujauliza "bado nini?" Ni damu? Ni presha? Ni sukari? "Bado" yenye sababu unaweza kuifanyia kazi. Uandikiwe kwenye daftari lako la kliniki.

Na wewe unayebaki nyumbani, unayengoja simu ya mwisho wa mwezi kama sisi: mtu wako akikuambia anaumwa, usimjibie kwa tumbo lako. Mwulize daktari amesemaje. Mwulize na yeye amemwambia nini daktari.

(Muziki wa kufunga unapanda kidogo.)

Kwa vikundi vya wasikilizaji, haya ndiyo maswali ya leo. Ni mambo gani tunawaficha matabibu wetu, na tunaogopa nini? Nani kati yetu amewahi kutafsiriwa na mtoto wake, na ni neno gani hakuweza kulisema? Na je, katika kijiji chenu, mtu akirudishwa mara mbili bila kupasuliwa, nani humsindikiza kwenda kuuliza sababu?

Nakuaga. Mama yangu amesema niwasalimie, na amesema niwaambie kwamba kesho asubuhi anakwenda kupima presha. Nitamsindikiza.

Kwaheri msikilizaji. Tukutane kipindi kijacho.

(Muziki unapanda, kisha unaisha.)